Kumbukumbu katika riwaya na mashairi: mbinu rejeshi tumeihesabu vya kutosha

Kalamu ya Ngara

Wadau, salaam. Uzi ni mrefu. Aliye ndani ya matatu asome nusu, nusu nyingine amalizie nyumbani.

Kwa muda sasa nimekuwa nikipitia rasimu za wanafunzi wa uzamili hapa Nairobi wanaotafiti nafasi ya kumbukumbu katika fasihi. Mada ni tamu na ina wateja wengi, hasa tangu zile ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008. Lakini rasimu nyingi zinaugua maradhi yaleyale. Mwanafunzi anapekua riwaya, akikuta mhusika anawaza ya nyuma anaandika "mbinu rejeshi", anaweka nambari ya ukurasa, anasonga mbele. Sura ya mwisho unaambiwa mwandishi amefaulu kutumia mbinu hiyo kuendeleza maudhui na kujenga wahusika. Haya, amefaulu. Sasa sisi tumejua nini ambacho hatukukijua?

Ninayo nakala ya Chozi la Heri niliyoinunua kwa wauza vitabu vya mtumba mjini. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa sekondari, na pambizo zake zimejaa penseli: rejeshi, rejeshi, tashbihi, rejeshi. Mahali pamoja tu, kwenye kisa cha Ridhaa shuleni, ameandika "mbona hapa?" na alama ya kuuliza akaikoleza hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Huyo mtoto alikuwa ameanza utafiti bila kuambiwa na mtu.

Tumjibu basi. Riwaya hiyo ya Assumpta Matei (2014) inaanza Ridhaa akiwa amesimama mbele ya mabaki ya nyumba yake. Mkewe Terry na wengine wa familia wameteketea, na mkono uliowasha moto ni wa jirani, Mzee Kedi. Mtu wa hali hiyo ungedhani atakumbuka ya jana tu. Lakini mawazo yanamrudisha hadi utotoni, siku wenzake shuleni walipomkataa mchezoni wakimwita "mfuata mvua", yaani mtoto wa watu wa kuja. Mbona hapo? Kwa sababu mwandishi anatuambia moto ule haukuanza na uchaguzi. Kumbukumbu ya mchezo wa watoto imeletwa kama shahidi, na ushahidi wake unawakata kauli wale wanaosema "sisi tuliishi kama ndugu miaka yote, wanasiasa ndio waliotuvuruga". Ukiandika "rejeshi" ukapita, umepita mbele ya kesi yenyewe.

Msimamo wangu ni huu: mtu hakumbuki hivi hivi. Kumbukumbu katika kitabu ni tendo. Kuna anayekumbuka, kuna anayesimuliwa, kuna kilichomchokoza akumbuke sasa na si mwaka jana, na kuna anachokiruka. Hicho cha mwisho ndicho kigumu, na ndicho ninachokitafuta kwanza.

Mfano mzuri ni Ngũgĩ katika A Grain of Wheat (1967). Kijiji cha Thabai kinajiandaa kwa sherehe za Uhuru, Desemba 1963, na karibu kila mtu ana jambo la miaka ya hali ya hatari, zama za vita vya Mau Mau dhidi ya Waingereza, lililomkaa rohoni. Wanaenda kulitua wapi? Kwa Mugo. Gikonyo anamwendea anamweleza ya kizuizini. Mumbi naye anamwendea na yake. Wamemchagua kwa kuwa ni mkimya, na ukimya wake wameshaugeuza ushujaa. Kumbe ndiye aliyemsaliti Kihika, mpiganaji wa msituni aliyenyongwa na wakoloni. Ukishalijua hilo, rudi usome tena kila alichosimuliwa Mugo. Maneno ni yaleyale, ila sasa unamtazama anayesikiliza, na huwezi kuyasoma ulivyoyasoma mwanzo. Mwanafunzi anayechambua kumbukumbu za Gikonyo bila kumtaja Mugo kaziba sikio moja.

Halafu Ngũgĩ mwenyewe aliirudia riwaya hiyo miaka ya 1980 akairekebisha. Tukio la daktari Mzungu, Dkt. Lynd, kubakwa, ambalo limo katika toleo la kwanza, likaondolewa. Kwa hiyo hata ndani ya kitabu kimoja kuna vita vya namna mbili vinavyokumbukwa. Kama hujasema umetumia toleo gani, siku ya kuitetea tasnifu mbele ya jopo utatokwa jasho la bure.

Hapo tunafika kwenye tarehe. Wanafunzi huangalia mwaka wa tukio wakasahau mwaka wa kuandika. J.M. Kariuki, aliyezuiliwa kambini enzi za Mau Mau, alichapisha habari zake za kizuizini mwaka 1963, Kenya ikiwa mlangoni mwa Uhuru, na ulimwengu umelishwa kwa miaka kwamba watu kama yeye ni washenzi wa msituni. Ana mtu anayembishia katika kila ukurasa. Gakaara wa Wanjaũ aliweka shajara akiwa kizuizini kwenyewe. Ilitoka kwa Kikuyu mwaka 1983, ikapata Tuzo ya Noma, ya vitabu vya Afrika, mwaka uliofuata. Shajara haijui mwisho wa kisa. Anayeandika leo jioni hajui kama kesho atatolewa au atahamishiwa kambi nyingine, na hiyo hofu iko ndani ya sentensi, haikupakwa baadaye. Wambui Otieno naye kitabu chake kilitoka 1998, zaidi ya miaka 10 baada ya kesi ya mazishi ya mumewe kumfanya ajulikane nchi nzima. Wote watatu wanazungumzia zama zilezile. Ukiwachanganya kwenye aya moja kama "waandishi wa kumbukumbu za Mau Mau", umewavalisha shati moja watu wa miili mitatu.

Nadharia nitazigusa tu, maana ndiko rasimu zinakonenepea. Maurice Halbwachs, Mfaransa aliyefia katika kambi ya Buchenwald mwaka 1945, aliandika tangu 1925 kwamba mtu hukumbuka akiwa ndani ya kundi: familia, dini, tabaka. Bibi yeyote wa Pumwani angekwambia hivyo, ila Halbwachs aliipangia hoja. Marianne Hirsch anazungumzia watoto wa walionusurika, wanaobeba kumbukumbu za mambo ambayo hawakuyaona kwa macho. Hiyo ina nguvu sana kwetu, nitairudia mtu akiuliza.

Ninayempenda si mtu wa fasihi hata kidogo. Ni Frederic Bartlett wa Cambridge, mwanasaikolojia. Katika kitabu chake cha 1932 anaeleza alivyowapa Waingereza hadithi ya Wahindi Wekundu wa Marekani, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda. Mtumbwi ukawa mashua. Waliokwenda kuwinda sili wakawa wamekwenda kuvua samaki. Mizimu iliyokuwa kiini cha hadithi ikaanza kutoweka, kwa kuwa msimulizi hakuwa na pa kuiweka kichwani mwake. Hawakudanganya. Kila mmoja aliijenga upya kwa matofali ya nyumbani kwake. Soma hilo halafu urudi kwenye tawasifu yoyote uipendayo.

Karibuni tubishane.

Jangili wa Hoja

Buda, umeandika vizuri lakini kuna kitu kinanikera. Ridhaa hayuko. Hajawahi kuwako. Hana utoto, hana shule, hana kumbukumbu. Ana sentensi alizopewa na mwandishi. Bartlett alipima watu wenye ubongo. Sasa unachukua sayansi ya ubongo unampima nayo mtu wa karatasi? Hizo si stori za jaba kweli?

Mama Zawadi

Kalamu mwanangu, shikamoo zako nimezipokea ingawa hukunipa. Nimefundisha Kiswahili sekondari hadi nikastaafu, na nitawatetea walimu kidogo. Darasa lina wanafunzi wamebanana hadi mlangoni, mtihani unakuja, na mwongozo wa kusahihisha unatoa alama kwa kutaja mbinu na kutoa mfano. Mwalimu afanyeje? Akifundisha "mbona hapa?" mwaka mzima, mtoto atakuwa na akili nyingi na alama chache, na mzazi atakuja juu.

Ila ukweli usemwe: mtu akishafika chuo kikuu, hakuna tena mwongozo. Huko lawama msituletee sisi.

Na hicho kitabu chako cha mtumba usikifute penseli.

Kalamu ya Ngara

Shikamoo mama, na uniwie radhi kwa kuchelewa. Sikifuti.

Jangili, hoja yako nzito na nakubali nusu. Ni kweli Ridhaa ni wa karatasi. Ndiyo sababu siulizi "Ridhaa anakumbuka nini" kana kwamba tunakaa naye ploti moja. Nauliza kwa nini amepewa kumbukumbu hii, hapa, na kwa ajili ya nani. Kuhusu huyo "nani", fikiria jambo moja: Chozi la Heri iliingia kwenye orodha ya vitabu vya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwishoni mwa miaka ya 2010. Waliokuwa wakiisoma darasani, wakati nchi inawaka wengi walikuwa chekechea au hawajaanza kabisa. Wengi wao hawana kumbukumbu yao ya siku zile. Walichonacho ni minong'ono ya nyumbani na hicho kitabu cha lazima. Kwa hiyo mtu wa karatasi amewatengenezea watu wenye ubongo kumbukumbu ya nchi yao. Hirsch anaingia hapo.

Bartlett simtumii kumpima Ridhaa. Namtumia kumpima anayesimulia maisha yake halisi akaapa kwamba hajabadilisha kitu.

Jangili wa Hoja

Hilo la chekechea limenibana. Endelea, nasikiliza. Nusu nyingine sijakupa.

Mvita Asili

Ahsante sheikh Kalamu, lakini nyinyi wa bara mumeanza safari katikati ya njia. Mwataja riwaya, mwataja Ufaransa, na nyumba ya kumbukumbu iko hapa mlangoni: ushairi.

Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki 1840. Mashairi yake hayakukaa kwenye diwani yakingoja mchapishaji. Yalikaa vifuani mwa watu. Miongo mingi baadaye ndipo Mwalimu Sikujua alipoyakusanya kwa kushirikiana na mmishenari W.E. Taylor, akayaeleza na maana zake, maana mengi yalikuwa ya mafumbo ya siasa za Mombasa na Waomani na bila mtu wa kukueleza ungeona ni mahaba tu. Kitabu cha Hichens chenye mashairi hayo kilitoka 1940. Kile cha Mohamed Abdulaziz kilitoka 1979, na kilichapishwa hukohuko kwenu Nairobi. Sasa niambieni: pale kati ya kaburi na karatasi, Muyaka alikuwa wapi?

Na huyo Bartlett wenu nina jambo naye. Mtumbwi uligeuka mashua kwa sababu hadithi ile ilikuwa nathari. Ingelikuwa shairi la mizani 16 lenye kina cha kati na cha mwisho, jaribu uone. Ukitoa "mtumbwi" ukatia "mashua" mizani huenda ikakusamehe, kina hakikusamehi. Koo inakwama, na wanaokusikiliza barazani wanakucheka. Wazee wetu walijua kwamba mwanadamu husahau, ndipo wakalifunga neno kwa kamba mbili.

Mukitaka kumbukumbu kama maudhui, chukueni utenzi wa Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aangalia majumba ya Pate, kule Lamu, yaliyokuwa na fahari:

*Madaka ya nyumba ya zisahani*
*sasa walaliye wana wa nyuni*

Yale madaka ukutani yaliyokuwa yakipangwa sahani za kaure, sasa yamelala makinda ya ndege. Hakusema "Pate ilianguka". Amekuonyesha tundu la ukutani. Kisha awaita wakubwa wa zamani kwa majina yao, wako wapi. Mwenye kutafiti kumbukumbu akiiacha hii, mimi simuelewi.

Kalamu ya Ngara

Mvita, hili la kina dhidi ya Bartlett sikuwahi kulisikia likisemwa hivyo, na mtu aliandikie makala. Nitakuchokoza kidogo tu: mbona basi nakala za Al-Inkishafi zinatofautiana, hadi idadi ya beti? Kamba mbili zilifungwa, na bado kuna kilichoteleza.

Mvita Asili

Zilizotofautiana ni nakala za wino, sheikh. Wanaonakili husinzia. 😄

Haya, kwa uzito: beti nzima yaweza kuanguka, na mpangilio waweza kuhama, kwa kuwa hakuna kamba baina ya beti na beti. Ndani ya beti ndimo neno lilimofungwa. Mtu akitaka kutafiti, alinganishe hapo: nini kinahama na nini hakihami.

Binti wa Umoja

Naomba niingie na yale anayosema Kalamu ya kurukwa. Nimesoma Dust ya Yvonne Adhiambo Owuor na sijapona. Kijana, Odidi, anauawa hapa Nairobi nchi ikiwa kwenye ghasia za uchaguzi wa 2007. Dada yake amerudi kutoka Brazil, baba, Nyipir, anambeba mwanawe hadi nyumbani kaskazini, na ndani ya ile nyumba kila mtu ana kitu ambacho hasemi. Kisha anafika Mwingereza anamtafuta baba yake. Riwaya nzima ni watu wanaozunguka jambo lililozikwa.

Kuna mahali Owuor anasema kwamba baada ya kuuawa kwa waziri Tom Mboya, lugha rasmi za Kenya zilikuwa Kiingereza, Kiswahili na ukimya. Niliifunga ile riwaya nikatembea. Mboya alipigwa risasi Julai 1969 kwenye barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Sanamu yake iko hapohapo. Watu wanasimama chini yake wanangojana, wanauza chaji za simu, wanapiga selfi. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba Owuor alizaliwa 1968; yeye hana kumbukumbu yake mwenyewe ya Mboya, aliachiwa tu. Nafikiri ndiyo maana ukimya kwake una sauti kuliko kwa waliokuwapo.

Mwanafunzi akija na kipengele cha "ukimya" kwenye pendekezo, wasimamizi wengine humwambia "ukimya si data". Mnaonaje?

Mama Zawadi

Binti yangu, mwaka ule nilikuwa msichana mdogo. Redio ilisema, watu wazima wakatoka nje kuzungumza na sisi tukaambiwa tukalale. Ilikuwa mchana.

Mwambie huyo msimamizi kwamba sisi tulielewa.

Kalamu ya Ngara

Mama 🙏🏿

Binti, ukimya unakuwa data ukiuonyesha kingo zake. Ukisema "hapa mwandishi yuko kimya" bila zaidi, msimamizi ana haki ya kukataa. Lakini ukionyesha kwamba mhusika amesimulia Jumatatu, amesimulia Jumanne, Jumatano hakuna, Alhamisi anaendelea huku mkono unatetemeka, Jumatano hiyo umeshaiona. Kwa Ngũgĩ, Mugo anaombwa ahutubie siku ya Uhuru na kila anavyokwepa ndivyo wanavyozidi kumheshimu. Kukwepa huko kumeandikwa, ukurasa baada ya ukurasa. Hiyo ni data.

Mgeni wa Kariakoo

Wakuu, niko Dar, napita tu. Mmenisahaulia Zanzibar. Adam Shafi alikamatwa baada ya Karume kuuawa mwaka 1972. Yale ya gerezani kayaandika kama riwaya, Haini, iliyotoka 2003. Miaka 10 baadaye akatoa Mbali na Nyumbani, na hiyo ni tawasifu kavu: safari ya ujana wake kupitia Kenya, Uganda, Sudani hadi Misri. Swali langu kwa mtafiti: kwa nini mateso kayapa majina ya kubuni, na safari kaiandika kwa jina lake? Kuna mambo mtu anaweza kuyasema tu akiwa amejificha nyuma ya mhusika. Sasa hapo tawasifu na riwaya ipi ya kweli zaidi?

Na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, je? Huyo kumbukumbu ndiyo kazi yake tangu kitabu cha kwanza. Paradise ipo kwa Kiswahili sasa, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hakuna kisingizio.

Jangili wa Hoja

Mgeni umeniua. Hilo la Haini ni tasnifu nzima, mtu aichukue kabla sijajisajili mimi mwenyewe. Na linarudi kwenye hoja yangu: mtu wa karatasi ana faida yake. Hakamatwi.

Msomi wa Roysambu

Nimekuwa nikisoma kimya tangu mwanzo kwa sababu mimi ndiye mgonjwa anayesemwa 😂 Pendekezo langu lina vitabu sita, nadharia tatu na neno rejeshi kila baada ya mistari miwili. Msimamizi amelirudisha na kuandika "punguza". Ningependa ya vizuizini, maana babu yangu alipitia huko. Nishike wapi?

Kalamu ya Ngara

Karibu, mgonjwa anayejijua amepona nusu.

Vitabu sita ni vingi. Shika viwili vinavyobishana. Kwa ya vizuizini ningekwambia JM na Gakaara, kwa sababu niliyoeleza juu: mmoja anakumbuka, mwingine anaandika siku ikiwa bado inaendelea. Kama unataka kishairi, Abdilatif Abdalla yupo. Alifungwa 1969 hadi 1972 kwa ajili ya kijikaratasi cha kuikosoa serikali, Kenya: Twendapi?, akatunga Sauti ya Dhiki humo gerezani, akiandika kwenye karatasi za chooni. Hapo hoja ya Mvita ya kamba mbili inakuhusu moja kwa moja: je, mfungwa asiye na uhakika wa karatasi anatunga kwa arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, kwa sababu ya mapokeo tu, au pia ili asipokonywe? Usilijibu kabla ya kusoma.

Nadharia moja inatosha. Chagua tukio moja la kukumbuka katika kila kitabu, liandikie kurasa kumi za kulisoma neno kwa neno, kabla hujagusa sura ya kwanza. Kisha nenda jumba la Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, uombe magazeti na barua za miaka hiyo. Si kwa ajili ya kumkamata mwandishi amekosea tarehe. Hiyo kazi ya polisi. Unataka kujua nini kilikuwa kinasemwa hadharani alipokaa kuandika, ili uone anambishia nani.

Msomi wa Roysambu

Asante mwalimu. Gakaara nimempenda, ila Kikuyu changu cha kusoma kinachechemea. Cha kuongea ninacho. Naweza kutumia tafsiri ya Kiingereza?

Mama Zawadi

Nyanya yako yuko hai?

Msomi wa Roysambu

Yuko, Murang'a. Macho ndiyo yamepungua, lakini anasikia vizuri kuliko mimi.

Mama Zawadi

Basi msomee wewe hivyohivyo ukichechemea, yeye atakurekebisha. Wala usiwe na haraka ya kurudi mjini.

Kalamu ya Ngara

Mama kasema. Ila jiandae: ukisoma ukurasa mmoja ataongeza yake ya kurasa tatu. Usimkatize, na usiyachanganye na ya Gakaara. Yaweke kwenye daftari lake mwenyewe, kila siku uandike tarehe na mlichokuwa mkikisoma alipoanza kusema. Na umwombe ruhusa kabla ya kurekodi, hata kama ni nyanya yako.

Mvita Asili

Na akiimba, Msomi, usiandike kwanza. Mwambie arudie.